Pambizo na Mhimili: Historia ya Kutumia Fanksheni juu ya Mbale za Majedwali katika Lugha za Takwimu

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza historia ya dhana moja ya programu za takwimu, nayo ni kulichukua jedwali la namba, kulikata katika mbale, kisha kuitumia fanksheni moja juu ya kila ubale. Dhana hii hutumiwa kila siku na wanatakwimu, wachumi na wataalamu wa afya ya jamii. Tangu makusanyo makubwa ya matini yaanze kuhifadhiwa katika kompyuta, wanaisimu nao wameingia katika kundi hilo. Mtafiti anayehesabu ngeli za nomino katika kazi za waandishi mbalimbali wa vipindi mbalimbali huwa na jedwali la pande tatu: ngeli, mwandishi na kipindi. Akitaka kujua wastani wa kila ngeli, au jumla ya kila mwandishi, hana budi kulikata jedwali hilo, na namna atakavyolikata ndiyo itakayoamua atakachokiona.

Ni vyema kufafanua istilahi tangu mwanzo. Fanksheni, katika muktadha huu, ni kanuni inayopokea kitu na kurejesha jibu. Jumla, wastani na namba kubwa kuliko zote ni mifano yake. Jedwali la pande mbili lina safumlalo na safuwima. Jedwali la pande tatu hufanana na kitabu ambacho kila ukurasa wake una jedwali la pande mbili. Neno ubale, ambalo kwa kawaida hutaja kipande chembamba kilichokatwa, kama vile cha muhogo, linafaa hapa kwa kuwa muhogo mmoja waweza kukatwa kwa urefu au kwa mapana, na mbale zinazopatikana zisifanane hata kidogo.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba historia ya dhana hii imezaa mikabala miwili ya kutoa amri. Mkabala mmoja hutaja upande wa jedwali unaobaki baada ya hesabu, na mwingine hutaja upande unaotoweka. Tofauti hiyo ni ya kilugha kabla ya kuwa ya kihisabati, na Kiswahili kina nyenzo za kuieleza kwa uwazi kuliko amri zenyewe.

2.0 Chimbuko: Jumla Zilizoandikwa Pambizoni

Kabla ya kompyuta, karani aliyeshughulikia jedwali alijumlisha kila safumlalo na kuandika jibu mwishoni mwake, kwenye pambizo la kulia. Kisha alijumlisha kila safuwima na kuandika jibu chini yake. Katika kona alijumlisha majibu ya pambizo la kulia, akajumlisha pia majibu ya pambizo la chini, na jumla hizo mbili zilipaswa kulingana. Zisipolingana, alijua kwamba kuna kosa mahali fulani. Kutokana na desturi hiyo, wanatakwimu hadi leo huziita jumla za namna hiyo jumla za pambizoni.

Ikumbukwe kwamba jumla ya pambizoni hubeba jina la safu ilikotoka. Jumla iliyo mwishoni mwa safumlalo ya tatu ni jumla ya safumlalo ya tatu, na safuwima zilizoijenga hazionekani tena. Kwa hiyo pambizo ni kumbukumbu ya kile kilichobaki. Jambo hili litakuwa na uzito mkubwa baadaye.

Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, iliruhusu majedwali ya hadi pande tatu. Hata hivyo, ilimtaka mwandishi wa programu aeleze kila hatua: aanze na safu ya kwanza, apitie namba moja baada ya nyingine, aongeze kila moja kwenye jumla, kisha ahamie safu ya pili. Kwa jedwali la pande tatu, mizunguko mitatu iliwekwa mmoja ndani ya mwingine. Kompyuta ilielewa, lakini msomaji wa programu ilimbidi aisome mizunguko yote ndipo agundue kwamba mwandishi alitaka jumla tu. Fortran ilikuwa na desturi nyingine ambayo athari yake ingalipo: namba za jedwali zilihifadhiwa safuwima moja baada ya nyingine.

3.0 Kenneth Iverson na Nguvu ya Alama

Hatua ya kwanza kubwa ya kujikomboa kutoka katika mizunguko hiyo ilichukuliwa na Kenneth Iverson, mwanahisabati aliyezaliwa Kanada mwaka 1920. Akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1950, alibuni mfumo wa alama wa kufundishia na kueleza uchakataji wa data. Alipohamia IBM aliuendeleza, na mwaka 1962 alichapisha kitabu A Programming Language. Herufi za mwanzo za jina hilo ndizo zilizoipa lugha yake jina la APL, na kufikia mwaka 1966 lugha hiyo ilikuwa ikifanya kazi katika kompyuta za IBM.

Katika APL, alama ya kujumlisha ikifuatwa na mkwaju huamuru kwamba tendo la kujumlisha liwekwe kati ya namba zote za safu hadi ibaki namba moja. Badala ya alama ya kujumlisha, mtumiaji anaweza kuweka ya kuzidisha au ya kutafuta namba kubwa, na mkwaju ukabaki vilevile. Hivyo Iverson alitenganisha mambo mawili ambayo Fortran iliyachanganya: tendo lenyewe, na namna ya kulisambaza tendo hilo juu ya jedwali. Kwa mwanaisimu, mkwaju huo unafanana na kiambishi nyambulishi, kwa kuwa hauna maana kamili peke yake ila hubadili namna kitenzi kinavyohusiana na yambwa zake.

Jedwali linapokuwa na pande nyingi, APL huhitaji kuambiwa upande upi ukunjwe. Mtumiaji asiposema, upande wa mwisho hukunjwa. Akitaka mwingine, hutaja namba ya mhimili katika mabano. Hapa ndipo mkabala wa kwanza ulipoanzia, kwani namba inayotajwa ni ya upande unaotoweka. Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, na katika mhadhara wake wa tuzo alijadili alama kama chombo cha kufikiria.

4.0 Lugha ya S na Kuzaliwa kwa Amri ya apply

Mkabala wa pili ulizaliwa miongoni mwa wanatakwimu. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Marekani, John Chambers, Rick Becker na wenzao walianza kuunda lugha iliyokuja kuitwa S. Lengo lao halikuwa kuunda lugha ya wahandisi wa kompyuta. Walitaka mchambuzi wa data aketi mbele ya mashine, aulize swali, aone jibu, na aulize jingine bila kulazimika kuandika programu ndefu ya Fortran kila mara.

Mwaka 1988 Becker, Chambers na Allan Wilks walichapisha kitabu The New S Language, ambacho watumiaji wengi walikiita kitabu cha buluu kwa sababu ya jalada lake. Katika toleo hilo la lugha, fanksheni ilipata hadhi ya kitu kamili: ingeweza kupewa jina, kuhifadhiwa, na kukabidhiwa fanksheni nyingine kama data. Wazo hilo lilikuwa na asili yake katika lugha ya Lisp ya John McCarthy, ambaye katika makala yake ya mwaka 1960 alionyesha fanksheni inayopokea orodha na fanksheni nyingine, kisha kuitumia katika orodha hiyo yote.

Amri ya apply ni tunda la mkutano wa mapokeo hayo. Hupewa vitu vitatu: jedwali, pambizo na fanksheni. Jina la kipengele cha pili, MARGIN, ndilo lile pambizo la makarani. Pambizo likiwa 1, fanksheni hutumiwa kwa kila safumlalo. Likiwa 2, hutumiwa kwa kila safuwima. Katika jedwali la pande tatu, pambizo laweza kuwa 1 na 3 kwa pamoja, na hapo kila ubale ni safu moja ya upande wa pili. Tofauti na APL, namba inayotajwa ni ya upande unaobaki. Wanatakwimu walichukua lugha ya daftari la karani na kuitia katika mashine.

Amri hii ina ndugu zake. Iko lapply kwa ajili ya orodha, sapply inayorahisisha majibu, na tapply kwa ajili ya makundi yasiyolingana ukubwa, kama vile matini ambazo mwandishi mmoja anazo 3 na mwingine 40. Ndugu huyu wa mwisho ana manufaa ya pekee kwa watafiti wa lugha, kwa sababu matini haziji zikiwa zimepangwa katika mraba.

5.0 R na Kuenea kwa Dhana

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walianza kuandika lugha iliyofanana na S kwa sura na kufuata Scheme, tawi mojawapo la Lisp, katika baadhi ya misingi yake ya ndani. Waliiita R. Mwaka 1995 waliitoa kwa leseni huria, mwaka 1997 kikaundwa kikundi cha kimataifa cha kuisimamia, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Kwa kuwa haikuuzwa, chuo kisicho na fungu la kununulia programu za takwimu kiliweza kuitumia sawa na chuo tajiri. Amri ya apply ilienea pamoja nayo.

Kuenea huko kuliandamana na imani potofu kwamba apply hufanya kazi haraka kuliko mizunguko. Katika R, apply yenyewe imeandikwa kwa mzunguko uliofichwa ndani yake. Anayetaka kasi ya kujumlisha safu hutumia amri maalumu kama rowSums, ambazo zimeandikwa katika lugha ya ngazi ya chini zaidi. Faida ya apply ni ya usomaji: mstari mmoja husema nini kinakatwa na nini kinafanywa.

Mwaka 2011 Hadley Wickham, katika Journal of Statistical Software, aliieleza dhana hii kama mkakati wa hatua tatu: kugawa, kutumia na kuunganisha. Programu yake ya plyr ilizipa amri majina yenye mofolojia ya wazi. Herufi ya kwanza hutaja aina ya kinachoingia, na ya pili aina ya kinachotoka. Hivyo aaply hupokea jedwali la pande nyingi na kurejesha jedwali kama hilo, ilhali adply hupokea jedwali hilohilo na kurejesha fremu ya data. Msomaji aliyezoea viambishi vya Kibantu haoni ugumu wowote katika mpangilio huo.

6.0 Mkanganyiko wa Kinachobaki na Kinachotoweka

Lugha ya Python ilipopata maktaba ya NumPy, iliyoundwa na Travis Oliphant na kutolewa katika toleo lake la kwanza kamili mwaka 2006, watumiaji wengi walianza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. NumPy hufuata mkabala wa mhimili: ukiiambia ijumlishe kwenye mhimili wa kwanza, ambao huupa namba 0, safumlalo hukunjwa na kutoweka, na jibu ni jumla ya kila safuwima. Katika R, ukitaja upande wa kwanza katika apply, safumlalo ndizo zinazobaki. Amri mbili zinazoonekana kusema jambo moja hutoa majibu yaliyopindukana.

Hatari ya kosa hili ni kwamba mara nyingi mashine hailalamiki. Jedwali likiwa na safumlalo 12 na safuwima 12, kwa mfano miezi na wilaya, jibu potofu litakuwa na namba 12 kama jibu sahihi. Mtafiti atachora mchoro, ataandika sura ya tasnifu, na hakuna kitakachomwonya isipokuwa ujuzi wake wa data.

Mkanganyiko mwingine hutokea pale fanksheni inaporejesha namba nyingi badala ya moja. Tuchukulie jedwali la waandishi 10 na vipindi 4, na mtafiti anataka kila namba igawanywe kwa jumla ya mwandishi wake. Akitumia apply kwa pambizo la 1, atarudishiwa jedwali la safumlalo 4 na safuwima 10, yaani jedwali lililogeuzwa. Sababu ni ile desturi ya Fortran: kila jibu huwekwa kama safuwima, moja baada ya nyingine. Programu ya plyr ililirekebisha jambo hili kwa kuziweka mwanzoni pande zilizokatwa. R yenyewe, kuanzia toleo 4.1.0 la mwaka 2021, humruhusu mtumiaji kuzuia majibu yasiunganishwe, ili ayapange mwenyewe.

7.0 Mfano wa Berkeley

Uzito wa suala hili unaonekana bayana katika data za udahili wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, za mwaka 1973. P. J. Bickel, E. A. Hammel na J. W. O'Connell walizichambua data za chuo hicho katika jarida la Science mwaka 1975. Data za idara 6 kubwa zimo ndani ya R kama jedwali la pande tatu: matokeo ya maombi, jinsia na idara. Waombaji ni 4526.

Jedwali hilo likikunjwa upande wa idara, wanaume 1198 kati ya 2691 walikubaliwa, yaani takriban asilimia 45. Wanawake waliokubaliwa ni 557 kati ya 1835, yaani takriban asilimia 30. Mtu akiishia hapo, atahitimisha kwamba idara ziliwabagua wanawake.

Jedwali hilohilo likikatwa katika mbale za idara, picha hubadilika. Katika idara A, asilimia 62 ya wanaume walikubaliwa na asilimia 82 ya wanawake. Wanawake walikuwa na kiwango cha juu pia katika idara B, D na F, na wanaume katika C na E, ingawa katika idara nyingi tofauti ni ndogo. Siri imo katika mahali watu walipoomba. Zaidi ya nusu ya wanaume, 1385, waliomba idara A na B, ambazo zilikubali wengi. Wanawake walioomba idara hizo mbili ni 133 tu. Wengi wao waliomba idara ambazo zilikataa waombaji wengi wa jinsia zote.

Waandishi wa makala ile hawakusema kwamba dhuluma haikuwapo. Walionyesha kwamba chanzo chake kinafaa kutafutwa pia katika malezi na elimu vinavyowaelekeza wanawake kwenye fani zenye msongamano na fedha kidogo. Kwa hiyo ubale mmoja ulielekeza lawama kwa kamati za udahili, na ubale mwingine uliielekeza kwa jamii iliyokuwapo kabla ya fomu ya maombi kujazwa. Kuchagua pambizo kulikuwa ni kuchagua swali.

8.0 Kiswahili na Semantiki ya Ugawanyaji

Kiswahili kina mfumo wake wa kueleza kile ambacho apply hufanya. Sentensi "Watoto walipewa vitabu viwili" yaweza kueleweka kuwa vitabu vyote ni viwili. "Watoto walipewa vitabu viwili viwili" haina utata, kwani kila mtoto ana vyake viwili. Uradidi ukihamishwa, maana huhama nao: "Watoto wawili wawili walipewa kitabu" huwagawa watoto katika jozi. Mahali uradidi ulipo ndipo panapoonyesha kilichokatwa na kilichogawiwa.

Aidha, lugha ina maneno mawili yanayolingana na mikabala miwili iliyojadiliwa. Neno kila, lenye asili ya Kiarabu, hutangulia nomino na halichukui upatanisho. Hutaja vitu mojamoja huku kila kimoja kikihifadhi utambulisho wake. Hilo ndilo pambizo. Kivumishi -ote hufuata nomino, huchukua upatanisho, na huvitaja vitu kwa umoja wao. Huo ndio mhimili unaokunjwa. Mtafiti anayeandika "jumla kwa mwandishi" anaacha utata uleule unaowasumbua watumiaji wa R na NumPy. Anayeandika "kwa kila ngeli na kila mwandishi, jumlisha vipindi vyote" amezitaja pande zote tatu, mbili zinazobaki na moja inayotoweka, na hakuna msomaji atakayekosea.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mkusanyiko wa matini za Kiswahili wa Helsinki, uliotokana na kazi ya miaka mingi ya Arvi Hurskainen, una maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili, na maneno hayo yamewekewa taarifa za kimofolojia. Mtafiti anaweza kupata humo jedwali la ngeli kwa aina ya matini kwa muda mfupi. Akilikunja upande wa aina ya matini, habari za magazeti, ambazo ni nyingi, zitazifunika kazi za fasihi, na sifa za lugha ya magazeti zitatangazwa kuwa sifa za Kiswahili. Kosa hilo lina umbo lilelile la Berkeley.

9.0 Hitimisho

Safari ya dhana hii, kutoka daftari la karani hadi mkwaju wa Iverson, kutoka S hadi R na NumPy, ni safari ya kutafuta namna fupi ya kusema nani anagawiwa nini. Ufupi huo ulipatikana kwa gharama: amri hutaja upande mmoja na kunyamaza kuhusu nyingine, na kimya hicho hutofautiana kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwanafunzi wa isimu anayechambua data atafaidika akiandika kwanza, kwa Kiswahili kamili, sentensi yenye kila na -ote, ndipo aandike amri. Sentensi hiyo ibaki katika tasnifu kando ya jedwali, ili msomaji ajue jedwali lilikatwa wapi, na aweze kulikata upya kwa upande mwingine akiona haja.